Dementieva hakuondoka mikono mitupu

Mhariri,

Jumamosi iliyopita nilikuwa kinyozini hapa Kisauni nikingoja zamu yangu, nikafungua ukurasa wenu wa michezo. Nikakuta orodha ya mabinti wa tenisi ambao hawakuwahi kutwaa taji la Grand Slam, yaani mojawapo ya mashindano manne makubwa ya tenisi ya kila mwaka. Wa tatu alikuwa Elena Dementieva wa Urusi, na chini ya picha yake mwandishi wenu ametia maneno haya: "aliondoka mikono mitupu." Kinyozi akaniita, nikamwambia kiti ampe mwingine.

Huyo ni mtu aliyepata zaidi ya dola milioni 14 za zawadi uwanjani na mataji 16 ya mchezaji mmoja mmoja. Mikono mitupu ni yangu mimi, niliyerudi kutoka Doha, Qatar, mwaka 2012 na sanduku moja na televisheni ambayo haijawaka hadi leo.

Naomba nijieleze kidogo, maana msije mkadhani nimeamka tu asubuhi nikaipenda tenisi. Utotoni nilikuwa mwokota mipira katika klabu moja hapa Mombasa. Wakubwa wakicheza, sisi tukikimbia jua kali, na jioni tukigawiwa senti kidogo pamoja na mpira uliokwisha manyoya. Hapo nilijifunza jambo moja: katika tenisi kuna pigo moja tu ambalo mpinzani hana njia ya kukubughudhi nalo, nalo ni lile la kuanzia. Mpira uko mkononi mwako, unaurusha juu mwenyewe, unaupiga upendavyo. Mwenye pigo hilo zuri hupumzika. Mwenye bovu hana raha hata dakika moja.

La Dementieva lilikuwa bovu. Bega lake la kulia liliumia angali kijana, akaanza kuukata mpira pembeni badala ya kuupiga kwa nguvu, na bega lilipopona mazoea hayakuondoka. Mwanzishaji hupewa mipira miwili, akikosa wa kwanza hupiga wa pili, na wa pili wake ulikuwa ukija taratibu na kupinda, wapinzani wakisogea mbele kuungoja kama watoto wanavyongoja mahamri yatoke kwenye karai. Basi kila alipoanzisha yeye, alianza akiwa anajihami. Alichokuwa nacho ni miguu, na mkono wa mbele ambao sijaona wa kuulinganisha nao. Kwa hivyo viwili alifika nambari tatu duniani. Mwandishi wenu alipaswa kuanzia hapo: mtu mwenye jino bovu aliyekula miwa miaka kumi na mbili.

Tena alianza kwa kukataliwa. Akiwa na miaka saba, klabu ya Dynamo ilimkataa, ya CSKA nayo ikamkataa. Spartak ya Moscow ndiyo iliyompokea, akafundishwa na Rauza Islanova, mama yao wachezaji Marat Safin na Dinara Safina. Baada ya miaka mitatu akahamia CSKA, wale wale waliomfungia mlango. Islanova huyo huyo ndiye aliyemfundisha pia Anastasia Myskina. Shikeni majina haya, yanarudi.

Mwaka 2004 ndio mliomhukumia. Fainali ya Paris, kule Roland Garros, kwa mara ya kwanza moja ya mataji hayo makubwa liligombewa na Warusi wawili wa kike: Dementieva na Myskina, watoto wa klabu moja. Siku hiyo pigo la kuanzia lilimtoroka kabisa. Mara kumi alikosa mipira yote miwili na kumzawadia mwenzake pointi bure. Akafungwa 6-1, 6-2. Miezi mitatu baadaye akafika fainali ya US Open, akiwa amemtoa Jennifer Capriati kwenye nusu fainali kwa pointi za mwisho mwisho, akafungwa na Svetlana Kuznetsova 6-3, 7-5. Katikati hapo Maria Sharapova alikwishachukua Wimbledon. Kwa hiyo mwaka mmoja Warusi watatu walipata mataji matatu, na yeye aliyecheza fainali mbili hakupata hata moja. Inauma, sikatai.

Lakini mbona hamkuandika 2005? Fainali ya Fed Cup, kombe la timu za taifa za wanawake, ilichezwa Paris, uwanja ule ule wa Roland Garros uliomdhalilisha, na Warusi waliwashinda Wafaransa 3-2. Pointi zote tatu zilitoka mkononi mwake. Alimfunga Mary Pierce, akamfunga Amélie Mauresmo, kisha akaingia na Safina kwenye mchezo wa wawili wawili wakawafunga hao hao kwa pamoja, mbele ya watu wao.

Na Agosti 2008? Wakati huo nilikuwa bawabu Doha, tukilala watu wanane chumba kimoja kule Sanaya, mtaa wa viwanda, Wanepali watano, Msri Lanka mmoja na sisi Wakenya wawili. Televisheni ilikuwa ya Msri Lanka, naye alipenda kriketi tu, ikabidi nimfulie nguo wiki nzima ndipo aniachie Olimpiki ya Beijing. Robo fainali, Elena alipoteza seti ya kwanza kwa Serena Williams, akashinda mbili zilizofuata. Nusu fainali akamtoa Vera Zvonareva. Fainali akakutana na Dinara Safina, binti wa mwalimu wake wa utotoni, akashindwa tena seti ya kwanza, akageuza mambo: 3-6, 7-5, 6-3. Zvonareva akapata shaba, bendera tatu za Urusi zikapanda pamoja. Miaka minane nyuma, kule Sydney, alikuwa amefungwa na Venus Williams kwenye fainali na kupewa medali ya fedha. Yeye mwenyewe alisema wazi kwamba alikitamani kidani hicho cha dhahabu kuliko kombe lolote. Je, mwandishi wenu anajua zaidi yake?

Wimbledon ya 2009 naipita haraka kwa sababu bado inaniuma. Nusu fainali na Serena, saa tatu kasoro dakika kumi na moja. Elena alikuwa pointi moja tu kutoka fainalini. Serena akakimbilia wavuni, mpira wake ukagusa wavu na kuangukia upande wa Elena. Seti ya tatu ikaisha 8-6.

Sasa niseme lile hasa lililonifanya nishike kalamu. Oktoba 2010 mashindano ya kufunga mwaka yalikuwa Doha, kwenye uwanja wa Khalifa, na kampuni iliyoniajiri ilinipeleka huko. Nilifurahi kama mtoto wa Idi, hadi msimamizi aliponieleza kazi: bawabu husimama akiwapa uwanja mgongo na watazamaji uso. Siku nne nilisikia tenisi bila kuiona. Nilimjua Elena kwa mlio wa miguu yake, maana alikuwa akikimbilia kila mpira, hata ule uliokwisha kufa.

Ijumaa tarehe 29 alicheza na Francesca Schiavone, akafungwa. Nilidhani watu watainuka waende zao. Badala yake sauti yake ikatoka kwenye vipaza sauti, akisema kwamba anaacha mchezo, na mimi nikaona habari hiyo ikipita juu ya nyuso safu kwa safu. Mama mmoja aliyekuwa akila bisi aliacha mkono ndani ya mfuko. Wachezaji wenzake waliingia uwanjani kumuaga, hao hao waliokuwa wakipigania kombe, wakitoka machozi. Hapo niligeuka, Mhariri. Nilikatwa mshahara wa siku moja kwa kugeuka.

Alikuwa na miaka 29, na wiki hiyo alikuwa bado miongoni mwa kumi bora duniani.

Sidai mumwombe radhi, hasomi Kiswahili. Ninachoomba ni kwamba Jumamosi ijayo, pale pale kwenye ukurasa wa michezo, mchapishe hiyo medali ya Beijing kando ya jina lake. Kinyozi wangu huweka gazeti lenu mezani kwa wiki nzima, na tayari vijana wawili wamenibishia kwa kutumia maneno yenu.

Bawabu mstaafu,
Kisauni, Mombasa