Yaya, neno lile usilirudie mbele ya watoto

Yaya,

Jumapili, kaka yangu mkubwa, ulipokwisha kuondoka kwetu Katuba, hapa Lubumbashi, jirani yetu, yule mama Mkasai, mtu wa asili ya Kasai, unayemsifia sombe yake ya majani ya muhogo kila ukija, alileta kinu alichoazima. Mtoto wangu wa miaka saba akamfungulia mlango wa lupango, kisha akaniita kwa sauti: "Mama, bilulu wameleta kinu!" Alisema kwa furaha, kama anayetangaza wageni. Mama yule akakitua kinu taratibu, akafuta vumbi ukingoni kwa ncha ya kitenge, akaniaga. Tangu hapo hajakanyaga kwetu.

Mtoto hakulibuni neno lile, bilulu, yaani wadudu. Saa moja kabla ulikuwa chini ya mwembe, simu mkononi, sauti juu, ukituonyesha video ya yule mheshimiwa akiwaita Wakasai hivyo. Ulicheka. Na mimi nilicheka, yaya, na ndicho kinachoninyima usingizi. Nakuandikia hadharani kwa sababu video ile haikuchezwa kwetu tu.

Ulinijibu kwenye simu kwamba hayo ni maneno ya siasa, yatapita. Sisi wa hapa tunawezaje kusema hivyo? Mwaka 1992, jimbo la Katanga lilipokuwa bado linaitwa Shaba, gavana alikuwa Gabriel Kyungu wa Kumwanza, na kwenye mikutano yake Wakasai waliitwa bilulu, wadudu. Agosti mwaka huo Étienne Tshisekedi, Mkasai, akawa waziri mkuu mahali pa Nguz Karl-i-Bond wa kwetu. Vijana wa JUFERI, tawi la vijana la chama cha Nguz na Kyungu, wakaingia mitaani Lubumbashi, kisha Likasi, na mwaka 1993 Kolwezi. Mamia ya maelfu ya watu walifukuzwa.

Jirani yangu alikuwa na miaka kumi na moja. Walilala kwenye stesheni ya Likasi wiki nyingi wakingoja treni ya kwenda Kasai. Baba yake, mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, aliuza cherehani ya mama kwa mfuko mmoja wa unga. Mdogo wake wa mwisho alizikwa kabla treni haijafika. Na aliyekuja kuwatoa nyumbani, yaya, alikuwa kijana wa jirani aliyekuwa akila bukari, ugali wetu, kwao.

Kijana yule hakuanza kuwachukia siku hiyo. Alikuwa na kinyongo chake cha kazi na cha shule, kama wengi, lakini alikuwa anaona haya kukitamka. Gavana alipokisema kwenye kipaza sauti, haya ikaisha.

Najua utanitajia kazi. Ni kweli vijana wetu wanakaa bure huku malori ya shaba yakipita barabarani kila siku. Lakini babu za hao Wakasai waliletwa na Union Minière, kampuni ya Wabelgiji wakati wa ukoloni, iliyohitaji mikono migodini. Habari ya kazi leo ulizeni wenye migodi na wenye serikali, msimwulize mama wa sombe.

Tena angalia wakubwa wenyewe. Mwaka 1980 Kyungu na Tshisekedi walikuwa pamoja kati ya wale wabunge kumi na watatu waliomwandikia rais Mobutu barua ya wazi. Mwaka 2019 Félix, mtoto wa Tshisekedi, akiwa rais wa Kongo, alimteua Kyungu huyo huyo kuwa mwenyekiti wa baraza la SNCC, kampuni ya reli. Ya reli, yaya! Wao walipatana. Yule mtoto aliyezikwa Likasi hakuna aliyemrudisha, na mama yake alikufa bila kusikia mtu akimwambia pole.

Jumapili ijayo nitampeleka mtoto kwa jirani, akaombe radhi kwa mdomo wake mwenyewe, na mimi niombe yangu. Ameniuliza kama mjomba atakuja pia. Bado sijamjibu.

Mdogo wako