Kwa Waziri wa Ardhi wa Scotland: makanisa yasiuzwe kabla wakazi hawajajua

Mheshimiwa Waziri,

Naiandika barua hii kwa Kiswahili ili Wakenya na Watanzania wanaoishi Edinburgh waisome kabla yako.

Ukumbi wa Bellfield ulioko Portobello, hapa Edinburgh, ulianza kama kanisa mwaka 1809, siku ambazo mji huo wa ufukweni ulikuwa bado chini ya parokia ya Duddingston. Halafu ukaja mwaka 1843. Mamia ya wachungaji walijitoa katika Kanisa la Scotland, wakikataa wenye ardhi kuchagulia parokia mchungaji, wakaunda Kanisa Huru. Kila upande ukajenga lake. Hata sehemu kubwa ya waliogawanyika iliporudi pamoja mwaka 1929, majengo yalibaki pale pale, mengine yakitazamana barabarani. Washirika wa Kanisa la Scotland waliopita milioni 1.3 miaka ya 1950 leo hawafiki 300,000. Mwaka 2014 makanisa ya Portobello yaliunganishwa, na Bellfield ikakosa kazi.

Wakazi hawakukaa kusubiri tajiri aje. Waliunda kikundi chao, Action Porty, na mwaka 2017 wakalinunua jengo kwa msaada wa Mfuko wa Ardhi wa Scotland, zaidi ya pauni 600,000. Haki ya jamii kununua ardhi ilitungwa mwaka 2003 kwa ajili ya vijijini. Sheria ya 2015 ndiyo iliyoileta mijini, na Portobello wakawa wa kwanza mjini kuitumia hadi mwisho. Mwaka 2018 ukumbi ulifunguliwa. Sidhani wale wa 1843 wangenung'unika kuona sheria ikimbana mwenye ardhi.

Sisi tuliolelewa PCEA, Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, tuna hisa katika habari hii. Misheni ya Waskoti iliyoanza Kibwezi mwaka 1891 na kuhamia Kikuyu mwaka 1898 ndiyo iliyotuzaa. Kenya bado tunafanya harambee kupanua makanisa. Huku ni kutafuta mnunuzi.

Mheshimiwa, kinachonisumbua ni muda. Kikundi kikijisajili mapema, mwenye jengo hawezi kuliuza bila kukipa nafasi ya kwanza. Lakini nani hujisajili kununua kanisa ambalo bado linaimbiwa kila Jumapili? Watu hushtuka wakiona bango la mauzo, na hapo ndipo waanze kuunda chama, kuandika katiba, kukusanya saini za angalau asilimia 10 ya wakazi na kutafuta fedha. Mtaa wenye mawakili na wahasibu utaweza. Mtaa wa watu wanaofanya zamu mbili, kama wengi wetu, utashindwa.

Naomba mambo mawili. Kanisa likishaamua kufunga jengo, lilazimike kuliarifu baraza la mtaa miezi kadhaa kabla ya kutangaza mauzo. Pili, fedha za umma zisiishie kwenye bei ya kununulia, maana paa la kanisa la zamani huvuja hata baada ya hati kubadilishwa jina.

Wako,
Mkazi wa Edinburgh, mzaliwa wa Kenya