Kumwachia mwanafunzi kete si kumdharau

Mhariri,

Mwandishi wa safu yenu ya michezo ya akili amewashauri wanaoanza shogi, sataranji ya Wajapani, wakatae kuachiwa kete na mtu anayewazidi, yaani mwenye nguvu aanze na kete pungufu. Anasema wapigwe sawa kwa sawa mpaka wazoee. Mimi nilipigwa sawa kwa sawa michezo 17. Nilichozoea ni kupigwa.

Mchezo wa 18, mzee aliyekuwa akinifundisha alitoa upande wake hisha na kaku, mikuki miwili na farasi wawili, akavitia vyote sandukuni na kufunga kifuniko. Kwa asiyeujua mchezo, hisha ndiyo kete kubwa inayokwenda mbele, nyuma na kando bila kikomo, na kaku hukata mshazari. Nikadhani nimepewa mimi, maana katika shogi kete uliyoteka unaweza kuishusha ubaoni ikakupigania. Nikanyoosha mkono kuelekea sandukuni.

"Hizo hazipo, mama," akasema. "Leo hazikuzaliwa."

Kisha akacheza yeye kwanza, kwani ndiyo kanuni ya komaochi, mchezo wa kuachiana kete: aliyejipunguza ndiye anayeanza. Alibaki na mfalme, dhahabu mbili, fedha mbili na askari 9. Kete 14 kwa 20 zangu, na bado akanifunga mara tatu.

Mara ya nne niliona kitu ambacho katika ile michezo 17 nisingekiona kamwe, kwa sababu nilikuwa nakufa kabla sijainua macho. Pembe zake zilikuwa wazi. Askari wake wa safu ya 9 alisimama pale bila mkuki nyuma yake wala farasi wa kumlinda. Nikaitoa kaku yangu ikae mahali inapomchungulia kwa mbali. Nikamsukuma askari wangu wa pembeni, nikaupandisha mkuki nyuma yake, nikaitelezesha hisha hadi nyuma ya mkuki. Mzee akaleta fedha moja kulinda. Moja tu, mimi nina vitu vinne vinaelekea mlango mmoja! Hisha ilipoingia mistari mitatu ya mwisho nikaipindua ikawa joka, yaani hisha iliyoongezewa nguvu, na mikono ilikuwa ikinitetemeka kama mwizi. Muda si mrefu mzee akainamisha kichwa na kusema "makemashita", yaani nimeshindwa, kwa sauti ileile ambayo mimi nilikuwa nikiitumia kila jioni. Siku hiyo ndiyo nilijifunza kushambulia: unahesabu wanaokuja, unahesabu wanaolinda, ndipo unaingia.

Mwandishi wenu anaona kuachiwa kete ni kubebwa. Mimi naona kubebwa ni kule kwingine, pale aliyekuzidi anapojifanya kakosea. Programu nyingi za simu ziko hivyo: unachagua kiwango cha chini, mashine inakutupia hisha bila sababu, halafu ghafla inacheza kama shetani. Hujui umeshinda kwa akili yako au kwa ukarimu wake. Kete zikiwa sandukuni, deni liko wazi mbele ya wote wawili, na aliyebaki na 14 anacheza kwa nguvu zake zote.

Kuna jambo jingine wageni wa shogi hawalioni haraka. Kwa kuwa kete iliyotekwa hubadili jeshi, pengo la kete kubwa si pana kama linavyoonekana. Mpe mzee wangu nafasi ya kuiteka hisha yako, naye amepata kile alichokiacha sandukuni, tena mkononi, akishushe anapotaka. Ndiyo maana ngazi ya kuachiana kete ina vidato vingi: mkuki mmoja, kaku, hisha, hisha na mkuki, kete mbili, nne, sita, nane, kumi. Wengi humwanzisha mgeni kwenye kete mbili kwa kuona hisha na kaku kutokuwepo inatosha. Haitoshi. Kwenye kete mbili pembe zina walinzi wake, shambulio nililolieleza linagonga ukuta, na mwanafunzi anahitaji mipango mirefu zaidi, kama ule wa kuwasukuma askari wa safu ya 3 na ya 4 hadi mstari wa katikati. Sisi tulikubaliana hivi: ukifunga au ukifungwa mara tatu mfululizo, unahama kidato.

Na kama suala ni aibu, basi mwandishi amkumbuke Masuda Kozo, mchezaji mashuhuri wa shogi. Alipotoroka nyumbani akiwa kijana aliandika nyuma ya rula ya mama yake kwamba atamfunga Meijin, yaani mwenye taji kuu la shogi, huku amemwachia mkuki. Mwaka 1956, katika mashindano ya taji la Osho, ambayo enzi hizo yalimlazimisha anayezidiwa sana kuachiwa mkuki, alimfunga Oyama Yasuharu aliyekuwa Meijin, kwa mkuki pungufu. Naam, bingwa mwenyewe aliachiwa kete mbele ya nchi nzima, na baadaye akaendelea kukusanya mataji.

Nakubali hoja moja ya mwandishi. Aliyelelewa kwenye kete sita hajui la kufanya akikutana na hisha ya adui iliyo hai. Nilipopanda hadi sawa kwa sawa niliumia kwa hilo, maana hakuna aliyenifundisha kujilinda. Dawa yangu siku hizi ni kumalizia kila kikao kwa mchezo mmoja wa kete kamili, hata kama tunajua utakwishaje.

Kwa sasa zamu ya kuondoa kete ni yangu. Mpwa wangu ana miaka 11, na jana alinifunga kwa kete sita mara ya tatu mfululizo. Kesho farasi wangu wawili wanarudi ubaoni. Ameshaanza: "Shangazi, ile ya pili si ulikuwa na usingizi? Basi isihesabiwe."

Msomaji wenu wa kila Jumamosi