Barua ya wazi kwa vijana wa sheria: "Niliamriwa" si kinga

Wajukuu zangu,

Juzi kwenye mdahalo wenu alisimama msemaji akadai kwamba askari hana kosa, anatii amri tu, na kwamba uhalifu wa kivita ulibuniwa Nuremberg, walikohukumiwa viongozi wa Kinazi baada ya Vita Kuu ya Pili, ili mshindi amnyonge aliyeshindwa. Mkampigia makofi. Hayo makofi ndiyo yaliyoniudhi.

Nuremberg ilikuta shamba limekwisha limwa. Mwaka 1863 jeshi la Marekani lilikuwa na Kanuni za Lieber, za mwenendo wa askari vitani, mwaka uliofuata ukaja Mkataba wa Geneva wa kuwalinda majeruhi, kisha mikataba ya The Hague ya 1899 na 1907 kuhusu sheria za vita.

Na hilo la amri? Juni 1918 nyambizi ya Kijerumani iliizamisha Llandovery Castle, meli ya hospitali. Haikutosheka, ikazigeukia mashua za walionusurika na kuzimiminia mizinga. Ikapona mashua moja, watu 24. Mwaka 1921, mjini Leipzig, majaji Wajerumani, si mshindi yeyote, waliwafunga maluteni wawili, Dithmar na Boldt, miaka 4 kila mmoja. Kamanda wao hakupatikana, lakini amri yake haikuwaokoa: kuua watu wanaohangaika majini, ilisema mahakama, ni haramu inayojulikana na kila mtu. Ndiyo, baadaye wote wawili walitoroka gerezani. Hukumu lakini ilibaki kwenye maandishi, nanyi hamjaifungua!

Mengine mtayasoma wenyewe: mikataba minne ya Geneva ya 1949, itifaki za 1977, mahakama ya Yugoslavia ya zamani, 1993. Ya Arusha, iliyohukumu mauaji ya kimbari ya Rwanda, msiiruke. Mwaka 1998, katika kesi ya Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba nchini Rwanda, ilitamka kwamba ubakaji unaweza kuwa sehemu ya mauaji ya kimbari.

Wanangu, hasira yenu naielewa. Marekani, Urusi na China hazimo katika Mkataba wa Roma, uliounda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, na mnyonge ndiye anayefikishwa kizimbani upesi. Nasi wazee tuna lawama: tuliwalea kwa "ndiyo mzee", tukasahau kuwafundisha kukataa.

Mkitaka kweli kumtetea askari, fungueni Ibara ya 33 ya Mkataba huo wa Roma. Inampa mwanya mwembamba kwenye uhalifu wa kivita: awe alilazimika kisheria kutii, hakujua kwamba amri ni haramu, na uharamu wenyewe haukuwa dhahiri. Kwa mauaji ya kimbari na uhalifu dhidi ya binadamu, mwanya umezibwa. Bishaneni hapo, nami nitakuja kusikiliza.

Babu yenu