Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Mwaka jana mlinituma nipunguze gharama ya diski bila kuweka rehani kumbukumbu zenu. Gharama imepungua. Kuhusu rehani, nina la kuungama.

Zamani kila faili tuliitunza kwa nakala tatu: terabaiti moja (kipimo cha nafasi ya diski) ya mwanachama ilikula tatu za chama. Sasa faili hukatwa vipande sita, kisha kwa hesabu waliyoiandika Irving Reed na Gustave Solomon mwaka 1960 tunapata vitatu vya fidia. Vyote tisa husambazwa, kila kimoja kwenye seva yake, yaani kompyuta ya chama inayotunza faili, na vyovyote sita vikipatikana faili hurudi nzima. Terabaiti moja sasa inakula moja na nusu. Walioniambia haya ni mazingaombwe wakumbuke CD yenye mikwaruzo inayoendelea kupiga. Ni hesabu ya ukoo huohuo.

Nafuu hii ina bei. Diski ikifa, zamani tulinakili tu kutoka nakala iliyobaki. Sasa kujenga upya kipande kimoja ni lazima kusoma vingine sita kutoka seva sita, na ndiyo maana mtandao ulielemewa mwezi Machi mkanipigia simu usiku. Siku hizi ukarabati unakwenda polepole. Faili ndogo zinazobadilishwa kila saa tumeziacha kwenye nakala tatu, maana ukigusa neno moja vipande vya fidia navyo vinakokotolewa upya.

Sasa kosa langu. Nilipanga seva tisa kamili, tatu kwa kila chumba, nikijua chumba kizima kikizimika tunabaki na sita. Mwezi Agosti seva moja ya chumba cha pili iliungua pawa saplai, kifaa kinachoilisha umeme, tukasubiri kifaa siku kumi na moja. Kipande chake hakikuwa na pa kujengwa, kwa kuwa kila seva ilishakuwa na chake. Katikati ya kusubiri, umeme ukakatika chumba cha kwanza. Vikabaki vipande vitano, na vitano havifungui faili hata ukiviombea dua. Umeme uliporudi jioni kila kitu kilisomeka, hakuna kilichopotea, lakini mlikaa mchana kutwa bila huduma. Naomba radhi.

Katibu amependekeza seva ya kumi. Namheshimu, ila haitoshi. Tukiiweka chumba cha kwanza, kipande cha chumba cha pili kitahamia huko, chumba cha kwanza kitakuwa na vinne, na umeme wake ukikatika tunarudi kwenye vitano vilevile. Kila chumba kinahitaji ya akiba yake: seva tatu.

Diski hatununui. Zile zilizobaki baada ya kuacha nakala tatu ziko kabatini, mhazini ana ufunguo. Tunaomba fedha za seva zisizo na diski tu. Mchango wa kila mwanachama tutaujadili kwenye ajenda ya nne.

Mwenyekiti