Masanja, mgebuka huna

Kigoma

Masanja ndugu yangu,

Habari za siku nyingi? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi huku wazima, tunashukuru Mungu.

Ujumbe wako nimeupata, na kejeli zake zote. Eti Kigoma tuna nini zaidi ya dagaa! Basi sikiliza: huyo sangara unayeringia ni ndugu wa damu wa mgebuka, samaki wetu wa huku, jenasi yao (yaani ukoo wao wa kisayansi) ni moja, Lates. Tena sangara hapo Mwanza ni mgeni. Aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, akawala furu, wale samaki wadogo wa asili, mpaka aina nyingi zikatoweka. Mgebuka hakuletwa na mtu. Dunia nzima ziwa lake ni hili moja, Tanganyika. Hata anayevuliwa Bujumbura, Kalemie au Mpulungu ni huyu huyu tunayemnunua mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma.

Kwa umbo mgebuka hamfikii sangara hata kidogo. Ni mwembamba, anang'aa kama bati jipya, na akikaribia nusu mita basi huyo ni mkubwa. Maisha yake ni kule katikati ya ziwa, kufukuza dagaa. Ziwa lina kina cha mita 1,470, lakini ukipita mita 200 hivi kwenda chini hakuna oksijeni, samaki hakai. Watu wanaona maji yote yale wanadhani kitoweo hakina mwisho!

Kumvua ni usiku wa giza. Taa zinawashwa, dagaa wanafuata mwanga, migebuka wanawafuata dagaa, wavu unawanyanyua wote. Mbalamwezi ikikomaa taa haina kazi, wavuvi wanapumzika, bei inapanda. Mwaka 2024 Serikali ilifunga uvuvi miezi mitatu, katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, samaki wazaliane. Tulinung'unika sana na maharage yetu, ila mimi naona ilichelewa.

Mke wangu anamkata mgebuka vipande, anamkaanga kidogo tu, halafu anamrudisha kwenye mawese, nyanya na kitunguu. Mchuzi unakuwa mwekundu, mafuta yanaelea juu. Ugali uwe wa muhogo, tafadhali.

Giza likirudi nitakununulia waliokaushwa kwa moshi, niwapakie kwenye basi. Nitumie namba ya atakayekwenda kupokea stendi, na awahi, maana harufu itawaita wengine.

Wako,
Hamisi