Heri ya sikukuu kutoka Idara ya Sayansi za Dunia, na ombi moja la kwenda nalo nyumbani

Wapendwa wote wa idara, walimu wenzangu, mafundi wa maabara, madereva mliotupeleka fildi mkaturudisha salama, vijana wangu kuanzia mwaka wa kwanza mpaka nyie mnaomalizia tasnifu, na kaka na dada zetu mliohitimu zamani mko huko makazini, salamu nyingi sana, heri ya Krismasi na heri ya mwaka mpya. Najua wengine mshafunga mabegi na hii mnaisoma mkiwa njiani kwahiyo sitawachosha, ila nna ombi moja limenikaa moyoni wiki nzima, nitalifikia huko chini, ngoja kwanza nitoe habari za idara.

Ile mashine ya kukata miamba imepona! Wale ambao sampuli zenu zimekaa kwenye maboksi tangu muhula uliopita mnajua hii habari ina uzito gani. Fundi wetu aliifungua mwenyewe, akasafisha, akabadilisha bledi, na juzi tukakata na kusaga jiwe la kwanza mpaka likafika ule unene wa milimita 0.03 ambapo mwanga unapita ndani ya jiwe kama unapita kwenye kioo cha rangi. Nimefanya kazi hii miaka mingi lakini nikiweka kipande kipya chini ya maikroskopu nikakizungusha, nikaona olivini, yale madini ya kijani ya kwenye miamba ya volkano, inabadilika kutoka bluu kwenda pinki kwenda kijani, bado nafurahi kama mara ya kwanza. Fundi asante sana, Mungu akubariki. Basi mkirudi tunaanza na foleni ile ya zamani, sampuli mpya zitasubiri kidogo.

Safari ya fildi ya mwaka wa pili ya kuchora ramani ya jiolojia iko palepale, mwanzoni mwa muhula. Kompasi zimehesabiwa, nyundo zipo, miwani ya kulinda macho ni lazima na hapo hakuna mjadala. Alafu nawaomba sana, daftari la fildi andikeni kwa penseli, wino ukipata mvua unakimbia wote na kazi ya siku nzima inapotea, nimewahi kumuona mtoto wa watu analia juu ya daftari lililolowa na sikuwa na cha kumwambia.

Na sismografu, mashine yetu ya kuandika mitikisiko ya ardhi, haizimwi. Wenzetu wawili wamejitolea kubaki zamu mapumziko yote, wanaangalia data na kuhakikisha umeme haukatiki. Mnajua ile mashine ndogo pale chini kwenye chumba cha baridi, tetemeko kubwa likitokea popote duniani, hata upande wa pili kabisa wa sayari, mawimbi yake ya kwanza yanapita katikati ya Dunia na kutufikia ndani ya dakika kama 20 tu. Sisi tukiwa tumelala au tunakula na ndugu zetu yeye anaandika. Hao wawili nawaombea sikukuu ya utulivu.

Sasa nije kwenye msimu wenyewe. Kila mwaka tarehe hizi huwa nawaza vitu vilevile. Tarehe 21 au 22 Desemba jua linafika mwisho wake wa kusini, upande wa kaskazini wana usiku mrefu kuliko wote, upande wa kusini wana mchana mrefu kuliko wote, na hiyo yote ni kwa sababu mhimili wa Dunia umeinama nyuzi 23.4. Halafu siku chache tu baada ya mwaka mpya Dunia inakuwa karibu na jua kuliko siku nyingine yoyote, kama kilomita milioni 147, wakati mwezi wa 7 inakuwa mbali kama milioni 152. Yaani wenzetu wa kaskazini wanatetemeka kwa baridi wakati ndo wako karibu zaidi na moto. Mwaka wa kwanza karibu wote huwa wanakosa hilo swali la kwanini inakuwa hivyo, na mimi huwa nalipenda kwasababu linamlazimisha mtu aache kukisia akae achore.

Na huo mwaka tunaouaga, urefu wake kwa siku haukuwa hivi siku zote. Mwaka 1963 mtaalamu mmoja Mmarekani, John Wells, alichukua visukuku, yaani mabaki yaliyogeuka jiwe, vya matumbawe vya kipindi cha kale sana kinachoitwa Devoni, akahesabu mistari myembamba sana ambayo tumbawe linaongeza kila siku, mstari mmoja siku moja, akakuta mwaka mmoja una mistari kama 400. Safari ya kuzunguka jua ilikuwa ileile, ila Dunia ilikuwa inajizungusha haraka, siku moja ilikuwa kama masaa 22 tu. Mwezi ndio umekuwa ukitupunguzia kasi kidogokidogo kwa kuvuta bahari, huku wenyewe unasogea mbali sentimita 3.8 kila mwaka. Mdudu mdogo wa baharini alitunza kalenda, ikakaa kwenye jiwe zaidi ya miaka milioni 370 mpaka akatokea mtu mwenye subira ya kuhesabu.

Lakini kinachonikaa zaidi moyoni msimu huu ni tarehe 26 Desemba 2004.

Ilikuwa Jumapili, siku moja baada ya Krismasi, karibu saa 2 asubuhi kwa saa za kisiwa cha Sumatra, Indonesia. Chini ya bahari pale bamba la India, yaani kipande kikubwa cha ganda la Dunia, linazama chini ya bamba lingine, linaenda sentimita chache kwa mwaka, ila mahali yanapogusana yalikuwa yameng'ang'aniana miaka na miaka, bamba la juu linavutwa na kukunjwa kama upinde. Asubuhi ile likaachia. Ufa ulikimbia urefu wa kama kilomita 1,300, tetemeko la kipimo cha 9.1, sakafu ya bahari ikanyanyuka mita kadhaa na maji yote ya juu yake yakanyanyuka nayo. Kwenye kina kirefu wimbi la namna ile halifiki hata mita moja na meli inaweza isilihisi, ila linakimbia kwa kasi ya ndege, na likifika maji mafupi linapungua mwendo na kupanda juu. Watu kama 230,000 walikufa, nchi 14. Kufika Somalia lilichukua masaa kama 7, na huko nako walikufa watu karibu 300. Masaa 7! Muda wa kumpigia simu kila mtu unayemjua. Bahari ya Pasifiki ilikuwa na kituo cha kutoa tahadhari tangu 1949, Bahari ya Hindi haikuwa nacho.

Mimi mwaka ule nilikuwa nshasoma jiolojia. Tsunami nilikuwa naijua, nimeifanyia mtihani na nimefaulu vizuri. Lakini nyumbani kwetu hakuna hata mtu mmoja niliyewahi kumwambia, wala mama, wala wadogo zangu, na hao wadogo zangu walikuwa wanapenda bahari kuliko kitu chochote. Nilikaa mbele ya televisheni siku zile namuangalia mtu wa kwenye picha anasogea mbele kwenda kuokota samaki kwenye mchanga ambao bahari imeuacha wazi, na mimi najua hapo alitakiwa akimbie, najua kabisa, na ujuzi huo ulikuwa umekaa kwenye daftari langu haujamsaidia mtu. Ndugu zangu hawakupatwa na kitu, namshukuru Mungu. Ila lile sijalisahau.

Sasa sikilizeni mambo mawili ya siku hiyohiyo. Kuna kisiwa kinaitwa Simeulue, kiko karibu sana na kitovu cha tetemeko lile, wimbi lilifika ndani ya dakika chache, hakuna king'ora, hakuna redio. Kisiwa kile kilikuwa na watu kama 78,000 na waliokufa ni 7. Saba tu. Kwasababu tarehe 4 Januari 1907, msimu huuhuu wa mwaka mpya, babu na bibi zao walipigwa na tsunami kubwa, waliobaki wakatunga hadithi na nyimbo, wakawaimbia watoto, na watoto hao wakaja kuwaimbia watoto wao, wakalipa lile jambo jina lao, smong. Maneno yenyewe ni rahisi: ardhi ikitikisika sana, bahari ikirudi nyuma, kimbieni mlimani. Karibu miaka 100 baadae ardhi ikatikisika, mtu akapiga kelele smong, smong, na kijiji kizima kikapanda juu na wazee wao na watoto mgongoni.

La pili ni la binti wa miaka 10, Tilly Smith kutoka Uingereza, alikuwa mapumzikoni na wazazi wake kwenye ufukwe wa Phuket, Thailand. Wiki mbili kabla alikuwa amefundishwa tsunami kwenye somo la jiografia. Akaona maji yanatoa povu na hayarudi vizuri kama kawaida, akaanza kuwasumbua wazazi wake mpaka wakamsikiliza, watu wakaondolewa pale ufukweni na kama watu 100 wakanusurika. Mimi ni mwalimu, hii habari nikiisoma huwa nasimama kidogo. Kipindi kimoja cha darasani, wiki mbili tu.

Na msije mkadhani hadithi moja inatosha kila mahali. Tarehe 22 Desemba 2018, usiku, watu wako ufukweni mwa mlango-bahari wa Sunda, hukohuko Indonesia, wanafurahia mapumziko, ubavu wa volkano ya Anak Krakatau ukaporomoka baharini. Hakukuwa na tetemeko kubwa la kumwambia mtu kimbia, wimbi lilikuja tu gizani, watu zaidi ya 400 wakafa. Hapo ungehitaji ujue kwamba volkano inayotoa moto katikati ya bahari inaweza kuanguka. Na tarehe 1 Januari 2024 rasi ya Noto kule Japani, familia zimekusanyika mwaka mpya, saa 10 jioni likaja tetemeko la kipimo cha 7.5 na sehemu nyingine pwani ikanyanyuka kama mita 4 kwa mara moja. Dunia haina kalenda ya sikukuu. Sisi ndio tunayo, na kwenye sikukuu ndo tunakuwa wengi sehemu moja, wageni kwenye mahali tusipopajua vizuri.

Kwahiyo ombi langu ni hili. Ukifika nyumbani, siku mmekaa wote mmeshiba, wadogo wanakuuliza unasoma nini huko chuoni, usiwajibu tu "mawe" ukaendelea na simu. Wasimulie. Kama mnakaa pwani waambie tetemeko refu la kushindwa kusimama ndo king'ora chenyewe, msisubiri kingine, pandeni juu na mkae huko masaa kadhaa maana wimbi la kwanza mara nyingi sio kubwa kuliko yote. Kama mnakaa chini ya mlima wenye mteremko mkali waambie wakiona nyufa mpya kwenye udongo, miti imeanza kuinama, chemchemi ya kila siku imegeuka tope, wasilale humo usiku huo mvua ikinyesha. Kama nyumba inatikisika na uko ndani, ingia chini ya meza imara uishike mpaka iishe, kukimbia kwenye ngazi ndiko kunakoumiza wengi. Usitumie maneno ya kwenye tasnifu, mabamba na magma viache. Sema kama ambavyo bibi angeimba.

Na baada ya kuwasimulia, nyamaza uwasikilize wao. Hii ni sehemu ya pili ya ombi na naitilia mkazo kwa walimu pia. Wazee wamewahi kuona mambo ambayo hakuna mashine iliyokuwepo kuyaandika, mto uliohama, kisima kilichokauka baada ya mtikisiko, kilima kilichoshuka usiku mmoja kikaziba njia. Muulize ilikuwa lini, hata akisema ni mwaka aliozaliwa fulani au mwaka wa njaa, hiyo ni tarehe, tutaitafuta. Muulize maji yalifika wapi, akuonyeshe kwa kidole, upige picha na usome kwenye simu zile namba za ramani zinazoonyesha mahali pale ni wapi. Akiwa na jina la kienyeji la tukio hilo liandike vilevile alivyolitamka, usilitafsiri. Na umwombe ruhusa kwanza, akisema jina lake lisitajwe basi lisitajwe.

Semina ya kwanza ya muhula haitakuwa na slaidi. Tutakaa, kila mtu atasimulia alichokileta, na wale wawili wa zamu watatuonyesha sismografu ilichokiandika sisi tukiwa hatupo. Mliohitimu mnakaribishwa, na asiyeweza kufika aturekodie sauti atume, tutaisikiliza yote.

Safari njema wapendwa wangu, fungeni mikanda kwenye magari, msalimieni sana mama na baba na wazee wote. Heri ya sikukuu.